Waachie Waoane

Jumamosi, tarehe tano Aprili, mwaka 1924, nilikuwa nimesimama kwenye stesheni ya Voi nikichana karatasi iliyofungiwa gazeti kwa pini ya nywele, huku gari la moshi lililolileta likiwa bado linajazwa maji. Mwanamke wa umri wangu, aliyesomea ualimu katika chuo cha misheni huko pwani, na ambaye Jumapili hutazamiwa kuketi benchi la mbele, hapaswi kuonekana akifanya hivyo. Nilikuwa nimejiahidi kwamba mara hii nitavumilia mpaka nifike nyumbani, nivue viatu, nichemshe chai, ndipo nilifungue. Nilishindwa kabla karani hajaingiza ndani mfuko wa barua.

Nikaruka habari za makanisa. Nikaruka mashauri juu ya ufugaji wa kuku. Nikafika ukurasa wa mwisho, na hapo nikawakuta kama nilivyowaacha: Fundi wa Saa ameinamia meza yake, Binti wa Mwalimu amesimama mlangoni. Mvua ilikuwa ikinyesha, nao wakazungumza juu ya mvua. Kisha chini kabisa, kwa herufi za kulala, likaja lile neno: Itaendelea.

Ilikuwa imeendelea kwa mwaka wa tatu sasa. Kwa asiyeijua hadithi ile nitaieleza kwa ufupi, na ufupi hautaipunguzia kitu. Katika mji mmoja wa pwani, ambao mwandishi alikataa kuutaja, binti wa marehemu mwalimu alipeleka saa ya baba yake kwa fundi itengenezwe. Fundi akaifungua, akasema limepungua gurudumu moja dogo, ataliagiza Bombei. Gurudumu likaja, likawa dogo mno. Likaagizwa jingine, likawa kubwa. Kila Ijumaa Binti akaenda kuulizia saa yake, na kila Ijumaa Fundi akampa kiti cha kukalia na sababu mpya. Msomaji yeyote, hata aliyesoma huku anasinzia, alijua kwamba ile saa ni nzima na kwamba mgonjwa ni fundi. Binti naye alijua. Lakini hakuna aliyesema. Katika mwaka wa pili alitokea mfanyabiashara wa halua aliyeanza kumtazama Binti, tukafurahi sote, tukidhani atamtia Fundi hofu aseme neno. Mwandishi akampa yule mtu wa halua homa, akamzika kabla hajamtia hofu mtu yeyote.

Mwandishi mwenyewe hakujitaja. Mahali pa jina aliweka nyota. Nilimwazia kuwa mwanamume aliyeshiba, mwenye mke anayemletea kahawa anapoandika, na asiyejua kwamba kuna watu wanaomngoja juani.

Nilikunja gazeti nikaenda darasani. Lilikuwa darasa la akina mama, nililolianzisha mwenyewe, Jumamosi alasiri soko linapovunjika, katika chumba cha mabati ambacho jeshi lilikiacha nyuma ya kanisa vita vilipokwisha. Chumba hicho wazee wa kanisa walikuwa wakikitaka kiwe ghala la mahindi. Mzee aliyewasemea wenziwe, mtu mwenye heshima zake na miwani yake, alikuwa amenijia mwezi wa Machi akanieleza kwa upole kwamba mahindi yanaliwa na panya, na kwamba akina mama, kwa kadiri anavyosikia, wanakuja pale kucheka. Tukaafikiana hivi: baada ya Pentekoste wazee watakuja wawasikilize wanawake wakisoma Injili. Wakisoma, chumba ni chao. Wasiposoma, ni cha mahindi. Nilikubali kwa sauti ya mtu asiyekuwa na wasiwasi.

Wasiwasi nilikuwa nao tele. Wanafunzi wangu walijua a-e-i-o-u, walijua ba-be-bi-bo-bu, na hapo walikuwa wamepiga kambi. Hadithi ya Fundi niliwaletea mwanzoni kama sukari ya kumezea dawa: anayemaliza silabi zake atasomewa. Haukupita muda dawa ikasahauliwa, wakawa wanakuja kwa sukari. Wake wa watu wa reli walikuja, wanawake waliokata katani juma zima walikuja, wakaketi wakanitazama mdomoni. Nami, kwa kuwa nilitaka kujua habari za wale wawili kuliko wao wote, nilisoma.

Hata neno lenyewe lilishatoka darasani likaingia mjini. Ukimwuliza mwenye duka sukari iko wapi, hujibu itaendelea. Mke wa mtu mmoja wa reli alimwuliza mumewe juu ya leso alizomwahidi tangu Krismasi, naye akamjibu kwa neno lile lile, akalala bila chakula.

Siku hiyo ya Aprili niliwasomea juu ya mvua. Nilipomaliza hapakuwa na mtu aliyeguna, na hilo lilinishangaza, maana kwa kawaida waliguna. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Chawia, kijiji cha milimani, aliyekuwa akiteremka na ndizi zake kila Ijumaa, akalala kwa binamu yake, akauza Jumamosi, na kurudi milimani Jumapili. Alikuwa mtu mzima kunipita kidogo, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo.

"Mwalimu," akasema, "sisi tumekaa, tumezungumza."

Mimi ni mzaliwa wa milima hiyo hiyo, ingawa nililelewa pwani. Kwetu maneno hayo hayasemwi mpaka kesi imekwisha kukatwa.

"Mmezungumza nini, mama?"

"Wewe unayo hadithi yote. Unatupimia kidogo kidogo, kama chumvi. Sasa tunakuomba, waachie hawa watu waoane."

Nilicheka, kisha nikaona kwamba nimecheka peke yangu. Nikaanza kueleza. Nikasema gazeti linachapwa mbali, kwamba mwandishi huandika sehemu kwa sehemu, kwamba sehemu ya mwezi ujao labda hata yeye mwenyewe hajaijua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Na nikiwaza vizuri, walikuwa na haki. Hadithi walizozijua wao ziliisha kabla ya moto kuzimika. Mtu aliyeanza hadithi alijua mwisho wake. Akiukatisha, ni kwa choyo au kwa usingizi, nami sikuonekana mwenye usingizi.

Mlangoni alikaa mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa, mke wa fundi wa kanzu. Alikuwa amenieleza tangu siku ya kwanza kwamba Injili hana haja nayo, amekuja kwa ajili ya Binti, na kwamba akisikia Injili inaanza atatoka nje akapunge upepo. Alikuwa amefanya hivyo kwa uaminifu mwaka mzima. Sasa aliisogeza shavuni tambuu aliyokuwa akitafuna.

"Usione uchungu, shoga yangu," akaniambia. "Hatukulaumu. Mtu aliyekatiwa yake, si ajabu akiwakatia wenziwe."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyeelewa. Mume wangu alichukuliwa wakati wa vita, awe msimamizi wa wapagazi katika njia ya Taveta. Mtu aliyemwona mwisho alimwona upande wa Njukini, ameketi juu ya mzigo, anajitoa mwiba mguuni na kucheka. Baada ya hapo hapana. Halikuja neno kwamba amekufa, wala neno kwamba yu hai. Kwa hiyo mimi na lile neno la herufi za kulala tulikuwa na ugomvi wa zamani, na ndiyo sababu sikuweza kuvumilia mpaka nivue viatu. Nilitaka wale wawili waoane kwa namna ambayo hainipasi mimi kueleza hapa kwa marefu.

Nilichukua gazeti nikamwekea mama wa Chawia mapajani. "Basi someni wenyewe," nikasema. "Mkiiona arusi humo, mnionyeshe."

Nilisema kwa hasira, si kwa hekima ya ualimu. Yeye akaligeuza gazeti likakaa sawasawa, akashuka kwa kidole mpaka chini kabisa, penye neno la mwisho, kwa kuwa alijua ndipo hasara yake ilipo. Akalivuta silabi kwa silabi. Kisha akalisema lote kwa pamoja.

"Kumbe limo," akasema.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia wewe. Sasa ameniambia mwenyewe."

Akataka magazeti ya nyuma. Yote. Kama arusi haimo katika hili, huenda niliiruka katika jingine, mwaka jana au mwaka huu, siku ambayo sauti yangu ilikuwa na mafua. Niliyaleta katika kikapu. Kuanzia siku hiyo darasa langu likageuka kuwa upelelezi. Waligawana magazeti, wakaketi wawili wawili, wakasoma kama askari anavyopekua nyumba. Mwenye kukwama kwenye neno aliomba msaada kwa jirani kabla ya kuniomba mimi, maana mimi nilikuwa mshtakiwa. Jumamosi ya pili walikuja mapema kabla soko halijavunjika. Ya tatu waligundua kwamba yule mtu wa halua alikuwa mnene alipoingia hadithini na mwembamba alipozikwa, wakaniuliza kama ni homa au ni mimi. Arusi hawakuiona. Lakini siku moja nikatambua kwamba nimeketi bila kazi, mikono mapajani, na chumba kizima kinasoma.

Nyumbani, jioni za mwezi huo, niliandika barua kwa mhariri. Niliirudia mara nyingi. Ilikuwa barua kali yenye lugha safi, ikimtaka awaozeshe wale wawili katika toleo linalofuata, na isitajwe tena mvua.

Toleo la Mei lilipofika sikulifungua stesheni. Nililipeleka limefungwa, nikamkabidhi mama wa Chawia mbele ya mashahidi. Akalichana yeye. Wakapokezana kusoma, kila mmoja sentensi yake, na ilichukua muda mrefu kufika mahali ambapo Fundi alisimama. Fundi hakuwa amewahi kusimama. Mke wa fundi wa kanzu akaacha mlango, akaja kuketi kati. Fundi akasema gurudumu limefika kutoka Bombei, safari hii lenyewe, na saa inaweza kwenda. Binti akaweka mkono juu ya saa. Jibu la Binti lilimwangukia mama wa Chawia, akalisoma polepole:

"Iache hapa, ndugu yangu."

Kisha Itaendelea.

Mke wa fundi wa kanzu akapiga kigelegele hata mabati yakaitika. "Imekwisha! Amemwita ndugu," akasema. Kwao, alieleza, ndugu ni pamoja na mtoto wa ami, na mtoto wa ami ndiye mume bora kuliko wote. Yeye mwenyewe ameolewa na mtoto wa ami yake. Binti amefichua kwamba wao ni damu moja, kwa hiyo hakuna wa kuzuia. Mwezi ujao ni kupika pilau.

Mama wa Chawia alikuwa amefunika gazeti kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlenga. Kwake yeye neno lile lilikuwa limefunga mlango. Katika ukoo wake ndugu ni ndugu, mwana wa nyumba moja, na huwezi kumwoa hata ungemtengenezea saa za mji mzima. "Miaka yote hii," akasema, "walikuwa ndugu, na mjinga yule alijua. Ndiyo maana alinyamaza."

Wakanigeukia mimi. Nami nilikuwa na maana ya tatu, mbaya kuliko zote. Mimi nimelelewa misheni, ambako kila mtu ni ndugu: mchungaji ni ndugu, mpishi ni ndugu, na mtu usiyemtaka kabisa ni ndugu mpendwa. Niliposikia neno lile nilimwona Binti akimpa Fundi mkono wa Jumapili, wa baridi, na kumtakia heri. Niliwaambia. Wakanitazama kwa huruma, kama watu wanaomtazama mgeni.

Kigelegele kilimleta yule mzee wa kanisa, aliyekuwa akipita. Akauliza ni arusi ya nani. Alipoelezwa alivaa miwani akasoma mwenyewe, kwanza sentensi ile, kisha, nadhani bila kukusudia, ukurasa wote. Akasema hapana neno hapo. Amemwita ndugu kama sisi sote tunavyoitana.

"Na mkeo nyumbani unamwita ndugu?" mama wa Chawia akauliza.

"Mke wangu namwita mama watoto."

"Basi hujui."

Mzee akakohoa, akarudisha gazeti. Mlangoni aligeuka kuuliza kama sehemu ya mwezi ujao huja kwa gari la asubuhi au la jioni.

Ya mwezi uliofuata ilikuja, na ilikuwa juu ya mbuzi. Mbuzi wa jirani aliingia dukani kwa Fundi akala mkeka. Sehemu nzima. Fundi na Binti hawakutajwa ila mwishoni, wakimfukuza mbuzi, mmoja mlango huu na mwingine mlango ule. Katika maisha yangu ya kusoma sijapata kutukanwa vile na mtu nisiyemjua.

Pentekoste ikapita, wazee wakaja wanne, wakaketi kwenye benchi la mbele ambalo wanawake waliwafutia vumbi. Mke wa fundi wa kanzu alitoka nje kupunga upepo kama kawaida yake, ila safari hii alisimama dirishani. Yule mzee akafungua Injili mahali alipopataka yeye, wasije wakawa wamekariri, akampa mama wa Chawia. Akasoma. Alisoma polepole, kwa kidole, kwa lafudhi ya milimani ambayo mimi mwenyewe niliipoteza zamani, wala hakukosea. Moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia alipofika penye kutajwa ndugu za Bwana, akasimama.

"Mzee," akasema, "hawa ni ndugu wa namna gani?"

Mzee akafungua kinywa. Mwenzake akawahi kusema ni ndugu wa tumbo moja, iko wazi. Wa tatu akasema sivyo, ni watoto wa mama mdogo. Wa nne akasema ni ndugu wa imani. Dirishani ikasikika sauti ikisema watoto wa ami je, mbona hawatajwi. Mabishano yalidumu mpaka jua likashuka, wanawake wakitazama huku na huku kwa furaha, na hakuna aliyekumbuka mahindi. Wakati wa kuondoka yule mzee alinivuta kando. Alisema chumba kitabaki chetu, maadamu mabenchi yamejaa. Siku yatakapoonekana matupu, mahindi yapo.

Niliwaambia wanawake. Wakafurahi. Mama wa Chawia alikuwa anafunga kikapu chake cha ndizi, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi.

"Vizuri," akasema. "Sasa wale wawili wakishaoana, nami nitapumzika. Jumamosi ni siku ya soko, Mwalimu. Nimeuza ndizi kwa haraka mwaka mzima kwa sababu yao."

Wengine wakaitikia. Walisema wazi, bila ubaya wowote: arusi ikifika watakula pilau ya maneno, kisha kila mtu ashike njia yake. Nikayatazama yale mabenchi. Nyumbani ilikuwapo barua yenye lugha safi, ikingoja stempu, iliyotaka hilo hilo litokee upesi.

"Na wasipooana?" nikauliza.

Alikiinua kikapu, akakiweka tena chini. "Nitamwandikia huyo mwenye nyota. Mimi mwenyewe."

"Hujui kuandika, mama."

"Kwani wewe kazi yako nini?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa Fundi, na sikupenda kumwelewa. Wiki ya mwisho ya Juni niliichana barua ya kwanza, na iliyokwenda posta ni hii:

"Kwa Bwana Mhariri,

Baada ya salamu. Nimekuwa msomaji wa habari za Fundi wa Saa tangu siku saa ile ilipofunguliwa. Mwezi wa Aprili nilikuandikia kukuomba, na katika ukurasa wa pili kukuamuru, uwaozeshe wale wawili. Sikuipeleka barua hiyo. Tafadhali ihesabu kuwa imefika, maana kila neno lililokuwamo lilikuwa la haki, na mimi bado nataka waoane.

Ombi langu la sasa ni jingine. Mwambie mwandishi asifanye haraka. Fundi asisafirishwe, Binti asiugue, wala asiletwe mtu wa halua mwingine. Mbuzi naye apumzishwe. Neno ndugu lililo katika toleo la Mei msilieleze. Hapa Voi limefanya kazi iliyonishinda mimi kwa mwaka mzima.

Yuko hapa mama mmoja wa Chawia ambaye sasa anasoma, na Jumamosi iliyopita alishika kalamu. Anajifunza kuandika kwa kusudi moja, nalo ni kukuandikia wewe. Nakuomba wale wawili wasioane mpaka barua yake ikufikie. Haitakuwa na adabu kama hii yangu.

Mimi, Mwalimu wa darasa la akina mama, Voi."